Kuzima Jua: Wiki ya Kupiga Picha Kolibri Milima ya Andes

Jumamosi, Houston hadi Quito

Ofisa wa forodha kwenye uwanja wa ndege wa Quito alizitoa flashi zangu begini moja moja, akazipanga mezani. Zote za aina moja, na mfuko mzima wa betri za kuchaji pembeni. Akanitazama kwa jicho la kumkamata mchuuzi. Shemeji, ambaye Kihispania chake amekiokota jikoni kwenye mgahawa anakofanyia kazi, aliingilia kabla sijafungua mdomo: "Colibríes, señor. Fotos." Mambo yakageuka pale pale. Yule bwana akaanza kututajia mabonde ya kwenda, akatupigia na mluzi wa ndege asiyemjua jina, huku foleni nyuma yetu ikinuna.

Kolibri ni wale ndege wadogo wanaoelea hewani mbele ya ua wakinyonya mbochi. Wanapatikana bara la Amerika peke yake, kuanzia Alaska mpaka ncha ya kusini ya Chile na Argentina, na aina zao zinapita 350. Kule Houston tunampata mmoja mwenye koo jekundu, ambaye kila Septemba hupita akielekea kusini. Ekuador, nchi isiyofika nusu ya Kenya kwa ukubwa, ina aina zaidi ya 130. Huko nyumbani Afrika Mashariki wengi wamemsikia ndege huyu kupitia kisa alichopenda kukisimulia marehemu Wangari Maathai, cha ndege mdogo anayechota matone ya maji kwa mdomo kwenda kuzima moto wa msitu huku tembo na mkonga wake wote amesimama anatazama. Mimi nimemfuata kwa ajili ya mabawa. Nataka bawa lililosimama, kila unyoya uonekane ulipoanzia na ulipoishia.

Tumelala Tababela, karibu na uwanja wa ndege. Pesa ya huku ni dola ya Marekani tangu mwaka 2000, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Hapa ni mita 2,400 juu ya bahari, na ngazi za ghorofa mbili na lile begi zilitosha kunikumbusha.

Jumapili, Yanacocha

Kwa mapafu haukuwa mpango wa busara, lakini tumeanzia juu kabisa. Yanacocha iko ubavuni mwa volkano ya Pichincha, takriban mita 3,500. Ni hifadhi ya taasisi ya Jocotoco, iliyoanzishwa mwaka 2001 hasa kwa ajili ya kolibri mmoja mwenye kifua cheusi na soksi za manyoya meupe miguuni, ambaye ndiye nembo ya jiji la Quito. Hatukumwona. Ni adimu, na hatukuja tukimtegemea.

Tuliyemwona ni mdomo-upanga. Nilikuwa nimesoma habari zake, nimeona picha zake, na bado nilibaki nimeduwaa. Mdomo wake unaweza kufika sentimita 10, mrefu kuliko mwili wake mzima ukiacha mkia. Akitua tawini huuelekeza juu, na akitaka kujikuna au kusafisha manyoya hutumia miguu, maana kwa mdomo ule hawezi kulifikia hata bega lake mwenyewe. Ni mdomo wa maua marefu yanayoning'inia, yale ya jamii ya pasheni na mengine ambayo kolibri wenzake hawaoni ndani.

Leo sikufungua begi la flashi. Nilitaka kwanza kuona mwanga wa kawaida unafika wapi: shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga) 1/2,500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) nimeipandisha mpaka chembechembe zinaonekana kwenye kioo cha kamera. Mwili ulitoka safi, jicho safi, mdomo safi. Mabawa ni moshi.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kolibri mdogo anayepiga mabawa mara 50 kwa sekunde. Kila pigo ni kwenda na kurudi, kwa hiyo bawa lina 1/100 ya sekunde kutoka nyuma hadi mbele, na ncha yake katika safari hiyo inasogea kama sentimita 10. Ni mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Shata ya 1/1,000 inaacha ncha hiyo isogee sentimita nzima mbele ya lenzi. Ya 1/2,500 inaacha milimita nne. Ukitaka isogee nusu milimita tu, unahitaji 1/20,000, na shata ya kawaida ya kamera haifiki huko.

"Sasa flashi inafikaje?" shemeji akauliza tukiwa kwenye gari. Nikamwambia asubiri kesho, kichwa kinaniuma.

Jumatatu, bonde la Tandayapa

Tumeshuka upande wa magharibi wa Andes, kwenye msitu wa ukungu. Miti imevaa kuvumwani na okidi mpaka shina halionekani. Nyumba ya wageni tuliyofikia ina baraza lenye chupa za maji ya sukari, na kelele pale barazani si ya kawaida: mvumo wa mabawa, vigelegele vyembamba, na kila baada ya muda mlio wa ndege wawili wanaogombana hewani. Ndege wa gramu tatu hana adabu hata chembe. Shemeji alisimama katikati na kikombe cha kahawa, mmoja akapita kati ya kikombe na pua yake.

Mama mwenye nyumba ametuelekeza utaratibu wake wa maji: sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, basi. Hakuna rangi. Hakuna asali, kwa sababu asali huchacha na kuotesha ukungu unaodhuru ndege. Chupa zinaoshwa kila siku. Alipoona nimekubali bila ubishi, akatupa kona yetu chini ya paa, mbali na wageni wengine.

Hapa ndipo swali la shemeji linapojibiwa. Flashi ndogo ya kawaida, ukiifungua nguvu yote, mwako wake hudumu karibu 1/1,000 ya sekunde, na hiyo kwa kolibri ni polepole. Lakini ukiipunguza nguvu, haififizi mwanga wake. Inaukata mapema. Kwenye nguvu ya 1/16 mwako unakaribia 1/10,000 ya sekunde, kwenye 1/32 unakaribia 1/18,000, na kwenye 1/64 unafika 1/30,000 na zaidi. Kila kampuni huchapisha namba zake na hazilingani sana, ila mwelekeo ni huo huo: nguvu ikishuka, mwako unafupika. Shata haifanyi kazi yoyote ya kugandisha. Ninaiacha 1/200, mwendo ambao kamera na flashi zinaelewana, na bawa linagandishwa na mwako.

Bei ya jambo hilo ni kwamba mwanga wenyewe ni kidogo. Flashi moja kwenye 1/32 haimtoshi hata kolibri aliye mita moja. Ndiyo maana nimebeba nyingi na kuzileta karibu kabisa, nusu mita hivi kutoka kwenye ua. Mbili mbele, kushoto na kulia, juu kidogo ya usawa wa lenzi. Moja chini imeelekezwa juu ili tumbo lisiwe jeusi. Moja nyuma na juu, ichore ukingo wa kichwa na mgongo. Mbili za mwisho zinamulika mandhari ya nyuma. Zote ziko kwenye stendi, zote zinapokea triga ya redio (kifaa cha kuziwasha pamoja bila waya), kila moja imevalishwa mfuko wa plastiki kwa sababu ya unyevu.

Halafu unazima jua. Nasema hivyo kwa makusudi, maana hapo ndipo kazi yote ilipo. Shata ikiwa wazi kwa 1/200 ya sekunde, mwanga wowote wa mchana unaoingia utachora bawa likitembea, na mwako wa flashi utachora bawa hilo hilo likiwa limesimama. Unapata ndege mwenye mabawa mawili ya kweli na vivuli vya mengine. Dawa yake ni kufunga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ikipanda, tundu linapungua), kushusha ISO hadi 400, kisha kupiga picha flashi zikiwa zimezimwa. Picha hiyo inatakiwa itoke nyeusi. Nyeusi ya lami. Kama unaona hata umbo la jani, mwanga wa mchana bado umo.

Mandhari ya nyuma ndiyo iliyotugombanisha. Ukiacha wazi, mwanga wa flashi hauufikii msitu ulio nyuma, na ndege anatoka kama yuko usiku wa manane. Kwa hiyo wapiga picha wa kazi hii hutundika karatasi kubwa isiyong'aa, imechapishwa picha ya majani yaliyofifia, kama mita moja nyuma ya ua. Yangu niliichapisha Houston. Shemeji aliitazama muda mrefu.

"Shem, hii si studio ya pasipoti hii?"

"Ndege ni wa kweli."

"Na mteja wa pasipoti naye ni wa kweli. Pazia ndilo la uongo."

Sikuwa na jibu zuri. Nilichomwambia ni kwamba nitakapoweka picha hizi hadharani nitaandika chini yake kuwa nyuma ni karatasi. Akasema sawa, lakini uso wake haukusema sawa.

Mchana wote ulikwenda kwenye kumfundisha ndege. Mama alikubali tuondoe chupa nyingine zote za upande wetu, tukabakiza moja, na matundu yake tukayaziba kwa selotepu isipokuwa lile linaloelekea kamera. Kando ya tundu tukafunga ua. Wakishazoea kuja pale pale, unaondoa chupa na kutia maji ya sukari ndani ya ua kwa bomba la sindano. Kolibri huja, hunywa, hurudi nyuma kama sentimita 20 akiwa hewani bado, hutazama, kisha huja tena. Picha iko kwenye kule kurudi nyuma. Mdomo uko nje, mwili umesimama wima, mabawa yamefunguka. Nasogeza lenzi ya milimita 300 kwa kudhani, nalenga hewa tupu kando ya ua, nasubiri aijaze.

Jioni, kwenye canelazo (pombe ya miwa ya moto yenye mdalasini, shemeji alikunywa na yangu), tukaongea juu ya waliotangulia. Miaka ya 1930 Harold Edgerton wa chuo cha MIT alikuwa tayari anawagandisha kolibri kwa mwako wa umeme, vifaa vyake ni masanduku mazito ya kapasita, vihifadhi vya umeme. Baadaye akaja Crawford Greenewalt, mhandisi aliyekuwa rais wa kampuni ya DuPont kuanzia 1948 hadi 1962, ambaye likizo zake alizimalizia kwa ndege hawa, akasafirisha mitambo yake ya flashi mpaka Amerika Kusini. Mimi nalalamikia kilo zangu chache.

Jumanne, Tandayapa

Ukungu umeingia alfajiri mpaka barazani. Kwa jua ni habari njema. Kwa flashi si njema sana, maana matone hewani hurudisha mwanga na picha inakuwa na vumbi jeupe. Tukasubiri upungue, huku tunakula bolón, ndizi mbichi iliyopondwa na jibini ikafinyangwa na kukaangwa. Watu wa Moshi wangeielewa mara moja.

Ulipopungua, akaja mkia-raketi. Dume lake ana manyoya mawili marefu ya mkia, membamba kama waya, kila moja limeishia kwenye kiduara cha buluu iliyokolea, na miguuni ana mafundo meupe ya manyoya. Mwili wote hauzidi kidole gumba. Anapoelea, vile viduara viwili havifuati mwili. Vinachelewa, kila kimoja kwa wakati wake, kimoja kikienda kushoto kingine bado kiko kulia. Jicho halioni hivyo. Flashi ndiyo ilinionyesha, kwenye kioo cha kamera, nikimkuza mpaka nikaona bawa likiwa limepinduka kwenye pigo la kurudi, uso wa chini ukitazama juu. Ndivyo wanavyoelea. Bega lao huzunguka kiasi kwamba bawa hubeba mwili likienda mbele na likirudi nyuma pia: robo tatu ya uzito pigo la kwenda, robo iliyobaki pigo la kurudi. Ndege wengi, pigo la kurudi haliwabebi.

Kwenye 1/32 mkia-raketi alikuwa safi kabisa. Kijana mdogo zaidi wa bonde, yule mwenye koo la zambarau ambaye huruka taratibu na kuvuma kama nyuki, bado alikuwa na ukungu kwenye ncha za mabawa. Huyu ni mwizi kwa tabia. Anaingia kwenye himaya za wakubwa kwa kuonekana mdudu, anakunywa, anaondoka. Nikashusha flashi zote hadi 1/64, nikazisogeza karibu zaidi, na ncha zikasimama.

Saa nne asubuhi jua likapasua. Dakika hiyo hiyo picha zikaanza kutoa vivuli: bawa lililosimama, na pembeni yake upepo mweupe wa bawa lile lile. Sikuwa na nafasi ya kufunga lenzi zaidi, flashi zisingetosha. Shemeji ndiye aliyeomba turubai jeusi kwa mama, akapanda kwenye kiti, akalifunga juu ya kona yetu kwa kamba ya nguo. Jaribio bila flashi likatoka jeusi tena.

Mchana nilihangaika na rangi ya koo. Koo la kolibri linalong'aa halina rangi ya kupakwa. Ndani ya unyoya kuna vibamba vidogo mno vyenye hewa, vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, na rangi hutokea mwanga unapogonga tabaka hizo na kurudi kwa pembe fulani. Ukiwa nje ya pembe hiyo unaona weusi. Kuna mmoja hapa mwenye koo la shaba na urujuani ambaye kwenye picha zangu za asubuhi yote alikuwa na koo la makaa. Nikaichukua flashi moja ya mbele nikaileta karibu kabisa na lenzi, na koo likawaka. Ukizidisha, linaungua na kupoteza kila unyoya, kwa hiyo pale palihitaji kupunguzwa mara kadhaa.

Watu huuliza kama mwako huwaumiza. Ninachoweza kusema ni nilichokiona: ndege alinyonya, flashi zikawaka, akaendelea kunyonya. Anayemshtua ni kolibri mwenzake. Hata hivyo sipigi flashi kwenye kiota, na hilo silijadili na mtu, kwani ndege aliye kiotani hana pa kwenda.

Usiku nikamwonyesha shemeji kazi ya siku. Akapita picha moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha akasema: "Nzuri. Lakini huyu anaruka, au umemtundika?"

Jumatano, Mindo

Mindo iko chini, mita 1,250 hivi, joto, mtaa wa watalii na maduka ya chokoleti. Shemeji amenunua ya kutosha ukoo mzima. Nimepiga kolibri weupe wa tumbo wenye kichwa cha buluu wakigombana, mikia imefunguka wote, kwa flashi mbili tu na nyuma peusi. Nguo zimekauka. Betri zote zimechajiwa.

Alhamisi, Papallacta na Guango

Barabara ya mashariki inapanda njia ya Papallacta, zaidi ya mita 4,000, halafu inateremka kuelekea Amazoni. Juu pale upepo unakata masikio. Tulisimama kula locro, supu nzito ya viazi na jibini yenye vipande vya parachichi, na sitaki kusikia mtu akiisema vibaya.

Guango, mita 2,700, mvua tangu tunafika hadi tunaondoka. Aina zimebadilika, milima ile ni ukuta, na ndege wa upande huu wengi si wale wa upande ule. Wakubwa wa mahali ni wenye kifua cha kahawia, ambao wakitua husimamisha mabawa juu kwa nukta moja kabla ya kuyakunja. Na mdomo-upanga yupo, anakuja mwenyewe kila nusu saa hivi.

Nilimwekea ua refu la tarumbeta linaloning'inia, lile ambalo Moshi na Lushoto tunalipanda kwenye ua wa nyumba na watoto wanakatazwa kulichezea kwa sababu ni sumu. Tatizo la ndege huyu ni nafasi. Mdomo wake peke yake unakula theluthi ya picha, kwa hiyo inabidi urudi nyuma, na flashi nazo zirudi nyuma, na zikirudi nyuma mwanga unapungua. Ungeweza kuongeza ISO. Nilichofanya, na hapa maneno ya shemeji yalikuwa yananitafuna tangu juzi, ni kupandisha nguvu ya flashi hadi 1/8. Mwako ukarefuka hadi karibu 1/6,000 ya sekunde.

Ndege huyu ni mkubwa na anapiga mabawa taratibu kuliko wale wadogo, lakini ncha bado zilifutika kidogo, milimita moja au mbili. Mwili umesimama, mdomo umenyooka ukitoka kwenye ua, matone ya mvua yamening'inia hewani kama yalivyo, na mwishoni mwa kila bawa kuna mfuto mwembamba. Niliiweka sambamba na ya mkia-raketi wa Jumanne. Ya Jumanne ina habari zaidi. Ukitaka kujua bawa limepinduka vipi, hiyo ndiyo ya kutazama, na mtu wa sayansi angeichagua bila kusita. Ila ya Guango ina mwendo. Sasa naamini kipimo cha 1/32 si sheria. Ni mahali pa kuanzia, kisha unaamua mwenyewe unataka kuacha kiasi gani cha kuruka ndani ya picha.

Shemeji alipoiona hakusema kitu, aliomba tu imtumwe kwenye simu.

Saa kumi triga moja iliingia maji ikaanza kuwasha flashi ovyo. Tukafungasha.

Ijumaa, Antisana

Siku ya mwisho tumetoka msituni kabisa. Antisana ni volkano yenye theluji, zaidi ya mita 5,700, na chini yake kuna nyika kubwa ya nyasi za milimani inayopigwa na upepo. Kondori anaruka kwenye majabali. Nyanda zile zilinirudisha kwetu, juu ya msitu wa Kilimanjaro, pale lobelia zinapoanza na chozi mwenye mkia mrefu anakunywa kwenye maua yake. Ndege hawa wawili si ndugu. Chozi yuko kwenye kundi moja na shomoro, kolibri ni ndugu wa teleka, na mababu zao walitengana zamani mno. Lakini mlima wa ikweta wenye theluji umewapa kazi ile ile: ua moja gumu, baridi kila usiku, mbochi kila asubuhi.

Kolibri wa hapa ana kichwa cha zambarau na tumbo jeupe, na ua lake ni chuquiragua, kichaka chenye miiba na maua ya rangi ya chungwa. Usiku mwili wake hujishusha joto na kuzimia kwa kiasi ili asimalize akiba yake kabla ya kucha. Mchana, kwa kuwa hewa ni nyembamba na kuelea ni ghali, mara nyingi hutua juu ya ua na kunywa akiwa ameshikilia kwa miguu.

Mbinu ya Tandayapa haifai hapa hata kidogo. Huwezi kuzima jua la ikweta kwenye mita 4,000, hata kwa turubai. Kuna hali ya flashi inayokuruhusu kutumia shata ya haraka, 1/2,000 na zaidi, lakini flashi ikiwa humo haitoi mwako mmoja mfupi. Hutoa miwako midogo mingi mfululizo, na kwa bawa hiyo ni sawa na taa inayowaka tu. Inajaza kivuli, haigandishi. Nikaitumia kwa hilo peke yake: flashi moja juu ya kamera, nguvu ndogo, kutoa weusi chini ya kidevu na kuweka nukta ya mwanga kwenye jicho. Anga la nyuma ni anga. Nyasi ni nyasi.

Kisha, kwenye mgahawa wa njiani wenye chupa za sukari, akaja kolibri mkubwa kuliko wote duniani. Ana gramu 20 hivi, na anapiga mabawa kama mara 15 kwa sekunde. Unayaona mabawa kwa macho! Baada ya wiki ya ndege wanaovuma, huyu anapepea. Shemeji alichomoa kamera yangu ya akiba, akaweka 1/2,500 kama alivyosikia nikinung'unika siku ile ya kwanza, akampiga akiwa anatoka kwenye chupa na mlima nyuma yake. Mabawa yamesimama karibu yote. Hakuna flashi, hakuna karatasi, hakuna stendi.

"Shem," akasema, ananisogezea kioo, "nimekosea wapi hapa?"

Nilitafuta. Upeo wa macho umelala upande wa kushoto.

Tumerudi Tababela kufungasha. Flashi nimezifuta unyevu, betri nimezitenga kwenye mifuko yake. Picha za Tandayapa nitaanza kuzichambua Jumatatu nikitoka kazini, na ile ya shemeji nitaanza nayo, ni ya kunyoosha tu.